Kutambua saa ya mkono ya kike ya zamani na kukadiria mwaka wake: mwongozo kamili

Umenunua saa ndogo ya kike ya zamani ili umpe mtu zawadi, na ungependa kumwambia imetengenezwa na nani, ni ya miaka gani, na hiyo rangi ya dhahabu ni dhahabu kweli au imechovywa tu. Watu wengi huanza na jina lililoandikwa kwenye uso. Jina hilo ndilo ushahidi dhaifu kuliko wote. Uso hubadilishwa, hupakwa rangi upya, na mara nyingi jina lililopo ni la duka lililouza, wala si la kiwanda.

Saa ya zamani ni vitu vitatu vilivyokutana: mashine, kasha na uso, na mara nyingi kila kimoja kilitoka kiwanda chake. Kila kimoja kina umri wake. Kwa hiyo kichunguze kila kimoja peke yake, uandike unachokiona, kisha utazame majibu yanakutana wapi. Jibu zuri ni kipindi, kwa mfano "kati ya 1955 na 1958". Anayekutajia mwaka mmoja bila kuifungua saa anabahatisha.

Vifaa vya kuwa navyo

Mashine za saa za kike ni ndogo mno. Nyingi zina upana wa milimita 12 hadi 18. Macho matupu hayatoshi. Pata lenzi ya fundi saa inayokuza mara 5 kwa kazi ya kawaida na nyingine ya mara 10 kwa mihuri ya dhahabu, ambayo huwa midogo kama punje ya mchanga. Pata pia kalipa inayosoma sehemu ya kumi ya milimita (ya plastiki ni salama zaidi kwa kasha laini), kisu maalumu cha kufungulia saa, kipuliza hewa cha mpira, vijiti vya meno vya mbao, kitambaa kisichotoa nyuzi, na taa unayoweza kuielekeza kutoka ubavuni. Mwanga wa ubavuni ndio unaofichua herufi zilizofifia. Mwanga wa kutoka juu huzimeza.

Piga picha kabla ya kugusa chochote: mbele, nyuma, pande zote nne, na sehemu mkanda unaposhika.

Kwanza, tazama umbo kwa nje

Umbo hukupa muongo, na wakati mwingine hata huo kwa shida, kwa sababu mitindo hurudi. Hata hivyo ni pa kuanzia.

Saa za miaka ya 1910 mara nyingi ni duara, za fedha au dhahabu, zenye bawaba nyuma na vishikio vya waya vilivyounganishwa moja kwa moja kwenye kasha. Nyingine zilianza kama saa za kuning'iniza kifuani, baadaye zikaongezwa vishikio. Utazijua kwa kuwa kitufe cha kutilia ufunguo kimekaa penye 12, au uso umegeuzwa ili kitufe kiangukie penye 3. Miaka ya 1920 ilileta mistatili, mapipa na pembe nane, dhahabu nyeupe yenye nakshi za kuchongwa, na mkanda mwembamba wa utepe mweusi. Miaka ya 1930 saa zikawa finyu zaidi, nyingine zikiwa na uso usiozidi upana wa penseli. Miaka ya 1940 utakuta dhahabu yenye wekundu, vishikio vilivyojikunja kama karatasi iliyoviringwa, na rubi ndogo pembeni. Miaka ya 1950 ni saa za duara ndogo sana na saa za bangili zenye kifuniko juu ya uso. Miaka ya 1960 bangili ya dhahabu iliyosukwa iliungana na kasha ikawa kitu kimoja, na miaka ya 1970 saa zikakua tena, zikapata umbo la yai na nyuso za rangi kali au za jiwe.

Usipoona kitufe pembeni, usidhani kimepotea. Geuza saa. Baadhi ya saa za vito hutiwa ufunguo kwa kitufe bapa kilicho nyuma. Mashine iitwayo Duoplan ya mwaka 1925, na baada yake ile ya Jaeger-LeCoultre iitwayo Calibre 101 ya mwaka 1929, ndizo mfano maarufu. Hiyo 101 ina uzito usiofika gramu moja, na inahesabiwa kuwa mashine ndogo kuliko zote za kutia ufunguo.

Pima upana wa kasha bila kitufe, urefu kutoka kishikio hadi kishikio, na nafasi ya mkanda. Andika.

Kioo nacho kina la kusema. Kioo halisi ni baridi kikigusishwa jinoni na hulia kwa sauti kali kikigongwa na kucha. Plastiki ina joto na sauti butu. Plastiki ya kale ya seluloidi hugeuka njano na hutoa mvuke wenye asidi unaotia akrabu kutu na kuchafua uso. Ukiona kioo cha njano kilichopasukapasuka na akrabu zimeota kutu wakati kasha ni safi, sababu huenda ni hiyo, na kioo kinapaswa kuondolewa mapema.

Uso: soma ukingo wa chini kabisa

Maandishi madogo chini ya 6 yana thamani kuliko jina kubwa juu. "Swiss" au "Swiss Made" huonyesha asili ya mashine. "Fab. Suisse" kwa kawaida ni ya saa iliyopelekwa Ufaransa. "Сделано в СССР" ni ya Umoja wa Kisovieti, kwa hiyo si baada ya 1991. Herufi T pande zote mbili za neno Swiss ina maana kuwa rangi inayong'aa gizani ni ya tritiamu, na hilo linakupeleka kati ya miaka ya 1960 na miaka ya 1990. Alama ndogo ya sigma (σ) pande zote mbili inaonyesha kuwa alama za saa au akrabu ni za dhahabu. Hiyo ni desturi ya miaka ya 1970.

Rangi inayong'aa bila herufi T, hasa iliyogeuka kahawia na kuacha kivuli cha kuungua kwenye uso, huenda ni radiamu, iliyotumika kuanzia miaka ya 1910 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Radiamu huchukua takribani miaka 1,600 kupungua nusu, hivyo bado ina mionzi hata kama haing'ai tena. Usiikwangue, usipulize vumbi lake, usiondoe kioo nyumbani. Mpe fundi na umwambie mapema. Na kama unayemzawadia ana watoto wadogo, chagua saa nyingine. Saa nyingi za kike za kuvalia gauni hazikuwekwa rangi hii kabisa.

Uso uliopakwa upya hujulikana hivi: herufi ni nene na kingo zake zimevimba chini ya lenzi, mistari ya dakika haikutani na alama za saa, maneno "Swiss Made" hayapo au yamekatwa nusu, uso unameta kama mpya huku kasha limechakaa. Uso uliorudiwa hauharibu zawadi, lakini usiutumie kukadiria mwaka.

Kufungua mfuniko wa nyuma

Hapa ndipo saa nyingi huharibiwa. Hakikisha kwanza ni aina gani ya kasha. Mfuniko wenye mikato midogo pembeni hufunguliwa kwa kuzungushwa. Tumia mpira laini wa kushikia, ubonyeze na uzungushe kinyume cha saa. Mfuniko wa bawaba una kijimdomo cha kucha upande ulio mkabala na bawaba. Mfuniko wa kubana, ambao ndio wa kawaida kwa saa za kike, una upenyo mdogo au kijimdomo karibu na kitufe au penye 6. Makasha mengi ya mstatili ni vipande viwili vilivyobanana, na mashine hubaki kwenye kipande kimoja.

1. Laza saa kwenye kitambaa, uso chini, mkanda ukiwa umetolewa.
2. Tafuta upenyo kwa lenzi, ukizunguka ukingo wote. Usianze kuchokonoa kabla hujauona.
3. Ingiza ncha ya kisu kwenye upenyo na uisokote taratibu. Usisukume mbele. Kisu kikisukumwa mbele huteleza na kuingia ndani ya mashine.
4. Mfuniko ukiachia, uinue wima. Unaweza kuwa na karatasi nyembamba au bati la kuzuia vumbi chini yake.

Kisu cha jikoni ni kinene mno na kina makali yasiyohitajika. Mfuniko ukigoma baada ya majaribio machache ya upole, peleka kwa fundi. Dhahabu ya karati 9 au 14 hukunjika na haitafunga tena sawasawa. Baada ya kufungua usiguse mashine, hasa gurudumu la mizani linalotikisika na kamani yake nyembamba kama unywele. Kidole kimoja kinatosha kuikunja, na mafuta ya ngozi huleta kutu.

Hakuna mwanya popote? Basi huenda kasha hufunguliwa kwa mbele, kioo kikiondolewa na kitufe kikichomolewa. Mwachie fundi.

Ndani ya mfuniko: madini, nchi na mara nyingine mwaka

Anza na dhahabu halisi. Namba 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18. Namba 583 ni ya Kisovieti. Ikiambatana na nyota yenye nyundo na mundu ndani yake, ni ya kuanzia mwaka 1958. Kasha la Uswisi lina kichwa cha mwanamke, Helvetia, kwa karati 18 na kuchakuro kwa karati 14. Alama hizo zilianza miaka ya 1880, na mwaka 1995 nafasi yake ikachukuliwa na kichwa cha mbwa wa Mtakatifu Bernard. Ufaransa hutumia kichwa cha tai kwa dhahabu ya karati 18 ya nchini na bundi kwa iliyotoka nje. Tafuta mihuri hiyo kwenye vishikio na ukingo wa nje pia.

Kasha lenye mihuri ya Uingereza ni bahati yako, kwa sababu lina herufi ya mwaka. Kuanzia Juni 1907 makasha ya saa ya dhahabu na fedha yaliyoingizwa Uingereza yalipaswa kupigwa muhuri huko. Nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, miganda mitatu ya ngano na upanga ni Chester, ambayo ofisi yake ilifungwa mwaka 1962. Hizo ni kwa makasha ya Kiingereza. Kwa yaliyoingizwa kutoka nje alama ni tofauti: pembetatu kwa Birmingham, tunda la mwaloni lenye majani mawili kwa Chester, herufi mbili za F zilizolala na kutazamana kwa Glasgow. Herufi moja inayofuata ndiyo mwaka, lakini haina maana bila mji wake. Herufi ileile, kwa mwandiko tofauti au ngao tofauti, inaweza kuwa mwaka mwingine kabisa. Linganisha umbo la ngao kabla ya kusoma herufi. Kumbuka pia kuwa zamani mwaka wa Birmingham ulianza Julai na wa London Mei, hivyo kila herufi inagusa miaka miwili ya kalenda.

Kwa Marekani utakuta maneno badala ya wanyama. "14K" peke yake ni kasha la dhahabu ya karati 14 lote, wala si la kuchovywa. "14K Gold Filled" ni bati la dhahabu lililobanwa juu ya madini ya kawaida. "10K Rolled Gold Plate" au "R.G.P." ni bati la namna hiyohiyo, ila jembamba zaidi. Maneno ya dhamana ya miaka 20 au 25 ya kuvaa yanaonyesha kasha la kabla ya katikati ya miaka ya 1920. Makasha ya Ulaya yaliyochovywa huandikwa unene kwa maikroni, kwa mfano 10 au 20, na "Fond acier inoxydable" ina maana mfuniko wa nyuma ni wa chuma kisichoshika kutu. Ukiona shaba ikichungulia kwenye pembe za vishikio, saa imechovywa, hata muuzaji aseme nini.

Namba ndefu iliyopigwa ndani ya mfuniko kwa kawaida ni ya mtengeneza kasha. Kosa linalorudiwa sana ni kuitafuta namba hiyo kwenye jedwali la namba za mashine, ukapata mwaka ambao hauna uhusiano wowote na saa yako. Michoro midogo iliyokwaruzwa kwa sindano nayo ni ya mafundi waliowahi kuihudumia. Ikiwa na tarehe, inakuambia saa ilikuwepo tayari siku hiyo. Maandishi ya zawadi yaliyochongwa nyuma yasome kwa namna hiyohiyo.

Mashine

Tumia mwanga wa ubavuni na usome kila neno, hata la kuchosha. Kuna mambo manne ya kutafuta.

La kwanza ni namba ya mfululizo. Kwa Omega iko kwenye mashine: takribani milioni 10 ni 1944, milioni 12 ni 1950, milioni 15 ni 1956, milioni 20 ni 1963. Elgin na Waltham za Marekani zina majedwali ya wazi yanayoaminika kwa kukadiria. Bulova ilirahisisha zaidi, ikapiga msimbo wa mwaka: L na tarakimu ni miaka ya 1950, M ni ya 1960, N ni ya 1970, kwa hiyo L5 ni 1955; kabla ya hapo ilitumia alama ndogo za maumbo. Seiko huweka namba nyuma ya kasha: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi, na O, N, D ni Oktoba, Novemba, Desemba. Muongo wenyewe utaupata kwa namba ya kaliba, inayoelezwa hapa chini.

La pili ni kaliba, yaani aina ya mashine. Majina mengi ya saa yalinunua mashine ghafi kutoka viwanda kama A. Schild (AS), ETA, FHF na Peseux. Alama na namba yake huwa chini ya gurudumu la mizani, kwenye bamba kuu; inamisha saa polepole hadi uione kati ya mikono ya gurudumu. Isipoonekana, pima. Mashine hupimwa kwa linya, na linya moja ni milimita 2.256. Mashine ya milimita 13.0 ukiigawanya kwa 2.256 unapata 5.76, yaani linya 5¾. Ya mstatili hupimwa mara mbili, kwa mfano 6¾ kwa 8. Kwa mashine za Kisovieti kama za Zaria na Chaika, tarakimu mbili za kwanza za kaliba ni kipenyo kwa milimita.

La tatu ni msimbo wa herufi tatu kwenye daraja la mizani (kipande kinachoshikilia gurudumu la mizani kwa juu), kama OXG (Omega), LXW (Longines), AXA (Wittnauer) au BXC (Benrus). Huo ni msimbo wa kuingizia Marekani uliofuata mkataba wa mwaka 1936, hivyo mashine si ya kabla ya hapo.

La nne ni ujenzi wenyewe. Rubi ni vijiwe vinavyobeba ncha za magurudumu. Maneno "cylindre, 10 rubis" (mfumo wa kale wa silinda, rubi 10) ni ya saa nafuu za mwanzo wa karne ya 20. Rubi 15 zilikuwa kipimo cha ubora hadi miaka ya 1930, kisha 17 zikatawala, kwa sehemu kwa sababu ushuru wa Marekani ulipanda sana kwa mashine yenye zaidi ya 17. Gurudumu la mizani lililokatwa mahali pawili na lenye skrubu nyingi ni la zamani. La duara kamili na laini ni la baadaye, hasa baada ya 1950. Kamani ndogo yenye umbo la kinubi juu ya rubi ya mizani ni Incabloc, kinga dhidi ya mshtuko iliyoanza miaka ya 1930 na kuenea baada ya vita. Betri ya kwati kwenye saa ya kike inakupeleka miaka ya 1970 au baadaye.

Kuunganisha majibu

Chukua mfano wa saa ndogo ya Omega ya karati 9. Mashine ina namba inayoanza na 15.2 milioni: karibu 1956 au 1957. Kasha lina herufi A.L.D za Dennison, mtengeneza makasha wa Uingereza, nanga ya Birmingham, 375 na herufi kubwa G ya mzunguko ulioanza na A mwaka 1950: kati ya Julai 1956 na katikati ya 1957. Kioo ni plastiki, mizani ina Incabloc. Kila kitu kinakubaliana, na saa huweza kukaa dukani mwaka mmoja au miwili kabla ya kuuzwa, hivyo andika "imetengenezwa 1956–57".

Sasa badilisha: namba ya mashine iwe milioni 18, kasha libaki lilelile. Mashine ya takribani 1961 ndani ya kasha la 1956 ni dalili kuwa iliwekwa baadaye. Tazama kama kitufe kimekaa katikati ya tundu lake, kama mashine inacheza ndani ya kasha, na kama akrabu zinafika kwenye mzunguko wa dakika. Tofauti ya mwaka mmoja au miwili ni ya kawaida. Ya miaka mitano inadai maelezo.

Kabla ya kuifunga kwa zawadi

Usiiache itembee kwa wiki nzima ili kuijaribu. Mafuta makavu husaga ncha za magurudumu, na vipuri vya mashine ndogo hivi ni shida kupatikana. Itie ufunguo kidogo, usikilize dakika chache, kisha ipeleke kusafishwa. Baada ya huduma, kupoteza au kuongeza dakika moja hadi mbili kwa siku ni hali nzuri kwa mashine ya ukubwa huu. Ikikimbia dakika nyingi ghafla, huenda kamani imeshika sumaku, tatizo ambalo fundi hulimaliza upesi.

Mwombe fundi, saa ikiwa imefunguliwa, apige picha ya mashine na upande ulio chini ya uso. Mara nyingi namba ya kaliba imejificha huko. Using'arishe kasha, maana mihuri iliyofifia hufutika kabisa, na dhahabu ya kuchovywa huisha. Usibadilishe uso wenye madoa ya umri. Mkanda wa asili, hata ukiwa umechakaa, uweke kwenye bahasha pamoja na saa na ufunge mpya.

Kisha andika kadi fupi ya kuambatana nayo: jina la mtengeneza mashine na kaliba, madini ya kasha na mihuri yake, kipindi ulichokipata na ushahidi wa kila upande, tarehe ya huduma. Ongeza maelekezo ya matumizi: itiwe ufunguo mara moja asubuhi ikiwa imevuliwa mkononi, isimamishwe kuzungushwa mara tu inapokaza, ivuliwe kabla ya kunawa au kujipulizia manukato, na isiaminiwe majini hata kama nyuma imeandikwa "waterproof".